Mtani Aliyekalia Gemu Mpaka Mamba

Nyie wa saluni, nimechoka kujibu mmoja mmoja. Kila anayekaa kwenye kiti changu anaanza na lilelile: "Zena, ulisema unaenda wiki moja tu, ulipotelea wapi?" Nikianza kusimulia, mkono unasahau kazi. Juzi nimemsuka Mama Rehema njia tano upande mmoja na saba upande wa pili kwa sababu nilikuwa nimefika kwenye daraja. Kwa hiyo nimeandika. Atakayeuliza tena nampa karatasi hizi asome huku nikimsuka, na anyamaze.

Mambo ya kupata tiketi ya treni sitayasema, kila mtu anayajua na hayana raha. Nianze na Generoza.

Generoza ni shoga yangu wa tangu bwenini. Ni Mpimbwe wa Mamba, kule chini bondeni kupita mbuga ya Katavi, na sasa ni mwalimu wa shule ya msingi hukohuko kwao. Tulipokuwa shule, taa zikizimwa yeye alikuwa ndiye redio yetu. Alisimulia hadithi mpaka matroni akija kutugombeza anasahau, anasimama mlangoni na khanga yake kichwani, anasikiliza. Mtu wa namna hiyo huwezi kumdanganya kwa hadithi mbovu.

Mashine yangu ya gemu mnaijua, ile aliyoniletea kaka Idi alipoteremka melini. Mnaicheka halafu mnakaa kuitazama, msijifanye. Sasa kuna ile kaseti moja ambayo si ya kupigana wala ya kushindana magari. Ina hadithi ndani. Unasoma wanachosema watu, unaamua wewe waende wapi, wafanye nini, na ukiamua vibaya utakiona. Pasaka Generoza alipopita Tabora kwenye arusi ya binamu yake, nikamwambia. Nilimwambia kwa moyo mmoja kabisa, kama unavyompa mtu chakula ulichopika vizuri. Akacheka mbele ya meza nzima.

"Zena, hadithi ina mdomo. Hiyo yako ina waya."

"Hujaiona."

"Sihitaji kuiona. Wadogo zangu wanazicheza mjini. Ni kuruka na kupiga risasi, kuruka na kupiga risasi. Wewe mtu mzima umerogwa?"

Watu wakacheka, nami damu ikapanda. Hapo ndipo tulipowekeana sharti. Niipeleke mashine Mamba, aketi mbele yake. Akitaka kujua kinachofuata, Desemba anakuja kwangu likizo nzima, tunaicheza wote wawili mpaka mwisho. Asipotaka, mashine inabaki Mamba na yeye anamgawia amtakaye. Mimi na mdomo wangu huu nikasema, "Sawa, andika!" Nilipofika nyumbani ndipo nikaogopa. Na niseme ukweli, sikuogopa mashine peke yake. Tangu aanze ualimu likizo zake zote zinaishia shamba la mpunga, na mimi nilikuwa nimemkumbuka yule mtu vibaya sana.

Fundi Rama akanitengenezea waya wa kuunga mashine kwenye betri ya gari, kwa sababu Mamba umeme hakuna. Nikaazima tivii ndogo ya kutumia betri, ile isiyo na rangi. Juni ilipofika nikafunga safari.

Tabora hadi Mpanda, kwa reli

Treni ya Mpanda ina tabia zake. Inaondoka ikipenda, na ikifika Kaliua inakaa kama mgeni aliyeambiwa chakula kiko jikoni. Tulikaa pale mpaka wauza kuku wakatuzoea majina. Nilikula kuku wa kuchoma, nikala karanga za kuchemsha, nikala kuku tena. Jirani yangu kwenye benchi alikuwa mama mmoja mnene mcheshi, muuza vitenge, anaitwa Mama Shija, Msukuma ambaye mume wake alihamia bonde la Mpimbwe na ng'ombe wake zamani. Naye alikuwa anarudi Mamba. Nikafurahi kupata mwenzangu wa njia nzima.

Alinitazama ninavyolipakata sanduku la mashine, akashindwa kuvumilia.

"Dada, ndani kuna nini? Mtoto?"

"Mashine."

"Ya nini?"

Nikaona nikieleza gemu hapa tutafika Mpanda sijamaliza. Nikajibu kifupi kwamba mimi ni msusi. Sikusema uongo, mimi si msusi? Mama Shija akafungua kilemba palepale. "Basi nikaushie hizi, nimeosha leo asubuhi, nina arusi Mamba." Nikamwambia treni haina umeme. Akaniambia anamjua mkuu wa behewa, ataomba. Na kweli akainuka kwenda kuomba! Nikamfuata kwenye korido, nimelikumbatia sanduku, namwomba arudi, ikabidi nieleze yote nikiwa nimesimama, treni inanitupa huku na huku. Alipoelewa alisikitika sana. "Kwa hiyo haikaushi?" Haikaushi, mama. Nikamsuka mabutu bure kabisa ili yaishe.

Stesheni ya Ugalla tulinunua asali kwenye chupa za soda, nyeusi, nzito, inanuka maua ya miombo. Tuliila na viazi vitamu vya baridi kwa vidole. Nimekula keki za arusi nyingi, sijawahi kula kitu kitamu kama kile. Tukafika Mpanda jua limeshapanda, nina asali kwenye khanga, kwenye kiwiko, na kwenye kona moja ya sanduku.

Shanwe, tunangoja lori

Mpanda nilifikia Shanwe kwa shangazi yangu Hadija, naye hakutaka kusikia habari ya kuondoka. Alipika migebuka iliyotoka ziwani na ugali wa muhogo, akaniambia, "Kula, kwenu Tabora mmekonda." Nyie mnanijua. Mimi na kukonda wapi na wapi?

Lori la Mamba dereva wake anaitwa Fungameza. Mtu mrefu, mpole, jibu lake ni moja kwa kila swali: "Kesho asubuhi." Nilimwendea sokoni, kesho asubuhi. Nilimwendea asubuhi yenyewe, kesho asubuhi. Siku nyingine nilimkuta chini ya lori, miguu tu ndiyo inaonekana, nikaiuliza miguu, nayo ikajibu vilevile. Shangazi alikuwa anafurahi. Kila nikirudi na mizigo yangu ananipokea kama nimetoka Maka, anaweka sufuria motoni.

Siku ambayo sikwenda kuuliza, lori likaja lenyewe mpaka mlangoni, linapiga honi, na Mama Shija yuko juu ya magunia ananipungia. "Zena, panda! Unatuchelewesha!" Nikapanda na mdomo umejaa chakula.

Mbugani, juu ya magunia

Sasa hapa ndipo penyewe.

Juu ya magunia ya chumvi na sabuni tulikuwa watu kama kumi na kitu. Katikati, mahali pazuri kuliko pote, alikaa mzee mmoja mwembamba mwenye koti la suti na kofia ya pama, Mzee Silivesta, anakwenda Mamba kumwoza binti yake. Aliniuliza kabila kabla hata sijakaa. Nikamwambia mimi Mnyamwezi. Lo! Mzee akapiga makofi.

"Mtani wangu! Mimi Mfipa! Karibu, karibu. Babu zako walibeba mizigo ya watu mpaka pwani kwa kichwa, leo wewe sanduku dogo hili limekutoa jasho? Lete, nikupumzishe."

Kabla sijafumba mdomo alishalichukua. Akaliweka chini yake, akalitandikia koti, akalikalia.

"Mzee, hicho kitu kinavunjika!"

"Ndiyo maana nimekikalia taratibu."

Lori zima likacheka. Na nyie mnajua, mtani humkasirikii. Ukimkasirikia mtani umejidhalilisha mwenyewe, utachekwa mpaka wajukuu. Kitu akikichukua unakikomboa, basi. Nikampa ndizi. Akala. "Hizi za salamu," akasema. Nikampa asali. Akailamba, akafunga chupa, akaitia mfukoni. "Hii ya wajukuu. Ya kukombolea iko wapi?"

Tukapita Sitalike, viboko wamelala mtoni wanakoroma mchana kweupe, tukaingia mbugani. Mbung'o wakatuvamia. Wale wadudu wanauma hata juu ya nguo, mtu anajipiga kofi lake mwenyewe, na ukimpiga wa jirani anakushukuru. Katikati ya mbuga, kwenye nyika nyeupe hakuna hata kivuli, kitu kikalia "pa!" chini yetu. Springi. Fungameza akashuka, akatazama, akavua shati.

"Tutaondoka saa ngapi?" mtu akauliza.

Sote tukamjibia kwa pamoja, "Kesho asubuhi!" Hata yeye akacheka. Akatuomba tusishuke ovyo kwa sababu nyati walikuwa karibu, akaingia chini na spana zake.

Hapo Mzee Silivesta akanigeukia. "Mtani, muda tunao. Ndani ya sanduku langu kuna nini?"

"Kuna hadithi," nikasema, kwa hasira kidogo.

"Hadithi ndani ya sanduku! Basi itoe. Hiyo ndiyo itakuwa ya kukombolea."

Nikasema potelea mbali. Nikasimulia. Kuna nchi, mfalme wake amekusanya moto wote, wa jiko na wa taa, akaufungia ndani ya mlima. Watu wanakula vibichi na wanaishi gizani. Binti wa fundi taa amebakiwa na taa moja ya mwisho yenye mafuta kidogo. Anaondoka kwenda mlimani kuudai moto kabla mafuta hayajaisha. Njiani anampata mwenzake, kijana mpiga filimbi.

"Kabila gani?" akauliza mzee.

"Haikusema."

"Mpiga filimbi, mvumilivu, anatembea sana. Ni Mfipa huyo. Mwite Kalolo." Basi akawa Kalolo. Ningefanyaje, mashine iko chini ya makalio yake.

Nikaendelea. Wamefika kijijini wana njaa, binti anaingia nyumba ya kwanza, anafungua mitungi, anakuta mkate, anauchukua.

Mama Shija akanishika mkono. "Ngoja. Alipiga hodi?"

"Hapigi. Kwenye gemu unaingia tu."

"Nyumba ya watu?"

"Ndiyo."

"Anafungua mitungi ya watu, anachukua chakula, wenyewe wapo?"

"Wapo wamesimama. Hawasemi kitu."

Ikawa kelele. Mmoja anasema huyo ni mwizi, mwingine anasema wale wenye nyumba ndio wachawi, wanamwachia ale wajue wamfanye nini. Nimeicheza gemu ile mwaka mzima, haijanipitia hata siku moja kwamba naingia nyumba za watu bila hodi! Nikaona aibu kabisa. Kuanzia hapo kila nyumba nilipiga hodi kwa sauti, na lori zima likaitikia "Karibu!" na Fungameza chini ya lori anaitikia pia, spana mkononi.

Tukafika darajani. Daraja refu la kamba, na Kalolo anaumwa na nyoka. Hapo mashine inakuuliza wewe unayecheza: uendelee na safari, au ukae naye? Ukikaa, mafuta ya taa yanazidi kupungua.

"Ukafanyaje?" akauliza Mzee Silivesta, taratibu.

"Nikaendelea."

Mzee akavua pama yake. Mbung'o wakamtua kichwani, hakuwafukuza.

"Na Kalolo?"

"Nilimwacha pale. Mafuta yangeisha, mzee. Sikumwona tena."

Jamani! Nilidhani watanitupa kwa nyati. Mama Shija, niliyemsuka bure, akanigeuzia mgongo. "Ulimwacha mgonjwa njiani." Ni mchezo, mama. "Mchezo gani wa kuacha mgonjwa?" Mzee Silivesta akalivuta koti lake vizuri juu ya sanduku. "Umemwacha Mfipa wangu porini. Mashine hii haikombolewi tena kwa hadithi. Utaiona Kalolo akipona."

Nilisema atapona vipi na mashine umeikalia? Akaniambia hilo nilijue mwenyewe. Lori likapona kabla ya Kalolo, tukaondoka, tukapita Kibaoni na Usevya, tukateremka Mamba jioni. Mzee akashuka na sanduku langu kichwani, akaenda zake arusini, ananiaga kwa heshima zote.

Mamba, mikono mitupu

Generoza alinipokea kwa vigelegele. Kanenepa, kapendeza. Tulikumbatiana mpaka tivii ikataka kudondoka. Halafu akaitazama tivii, akatazama nyuma yangu.

"Mashine iko wapi?"

"Imekamatwa na mtani."

Alicheka mpaka akakaa chini. "Kwa hiyo umekuja na kioo cha kujitazama! Lori linarudi Jumatatu mchana. Nikushinde leo au nikusubiri?" Na msiseme alikuwa anatania. Alishaamua hata atakayepewa, padri wa parokia, aweke kwenye jumba la vijana. Nikala wali mpya wa Mpimbwe, ule unaonukia nyumba nzima, na nikaona wali unapita tu.

Kesho yake akaenda kukoboa mpunga mashineni. Alirudi karibu mbio, ungo umejaa mchele wenye pumba, hakungoja hata upepetwe.

"Zena, nimesikia hadithi! Zena, kaa! Kuna mama mmoja Msukuma pale mashineni, anatusimulia, watu wote wameacha kazi. Kuna mfalme kafungia moto. Kuna binti ana taa. Ana mwenzake Mfipa, anaitwa Kalolo…"

Nikakaa. Nikajifanya kufunga khanga. Jamani, alivyoisimulia! Giza la ile nchi nililiona kuliko nilivyoliona kwenye tivii. Yule mfalme alimtengenezea sauti ya kikohozi. Nami namwangalia shoga yangu, mikono hewani, macho yanawaka, nikajisikia kulia kwa furaha, nikajifanya moshi wa jikoni.

"Wamefika darajani Kalolo kaumwa na nyoka," akasema, "na yule mama akaitwa, mpunga wake umekwisha, akaondoka! Nimekatishwa, Zena. Anasema mwenye hadithi ni mzee mmoja yuko nyumba ya arusi. Vaa viatu, twende."

"Kufanya nini?"

"Si kumuuliza ikawaje!"

Nikavaa viatu.

Kwenye arusi tulimkuta Mzee Silivesta chini ya turubai, amevaa suti, na amekaa juu ya kitu kilichofunikwa kitambaa cha meza chenye maua. Generoza akapiga goti, akasalimia vizuri, akaeleza shida yake. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, mwenye hadithi si mimi. Ni huyo mpagazi uliyekuja naye. Na hadithi yenyewe," akafunua kitambaa, "nimeikalia."

Mngeuona uso wa Generoza! Alinitazama, akatazama sanduku, akanitazama. Mimi nilishaanza kucheza ngoma ya arusi ya watu. Lakini yule ni mwalimu, haanguki kirahisi.

"Haihesabiki," akasema.

"Nini hakihesabiki? Si umenikimbiza mpaka huku kutaka kujua ikawaje?"

"Nimeisikia kwa mdomo wa mtu. Mdomo ndio umenitamanisha. Sharti ni niketi mbele ya mashine. Hujaniketisha."

Na alikuwa na haki, nyie semeni mnavyotaka. Tukamwomba mzee. Akakataa katakata mpaka arusi iishe, kwa sababu baba wa bibi arusi haachi wageni, na Kalolo hatatibiwa yeye asipokuwepo. Basi tukala arusi. Tulicheza Jumamosi, tulicheza Jumapili, nyama ya ng'ombe, pilau, togwa, nami kila nikizunguka kwenye ngoma natupa jicho kwenye kile kitambaa cha maua.

Jumatatu, lori linapakia

Asubuhi lori lilikuwa mashineni linapakia mpunga, na mzee akaja nyumbani kwa Generoza na sanduku, nyuma yake Mama Shija na nusu ya waliokuwa kwenye magunia. Betri tuliazima kwa jirani mwenye trekta. Nikaunga waya wa Fundi Rama. Mashine ilipanda mbuga, ilikaliwa, ilihudhuria arusi. Nikabonyeza.

Ikawaka. Nikapiga kigelegele peke yangu.

Ile mashine inakumbuka mahali ulipoishia, na bahati nzuri nilikuwa nimeacha alama moja kabla ya daraja. Picha ilikuwa na chenga, lakini watu wanaonekana. Generoza alikaa pembeni kabisa ya mkeka, mikono kaikunja kifuani, uso wa kusahihisha mitihani.

"Huyo ndiye Kalolo? Mbona mfupi hivyo?"

"Yuko mbali," akasema Mzee Silivesta.

Maneno ni ya Kiingereza, watu wakanidai niwasomee. Nikasoma. Naona nasoma kama tangazo la kifo. Generoza akavumilia kidogo, akashindwa. "Siyo hivyo! Hapo anamwomba, hamwambii." Akaisoma yeye, kwa Kiswahili, moja kwa moja kutoka kwenye kioo, na ile sauti ikatoka. Ile ya bwenini! Aliposoma maneno ya Kalolo ameshika mguu, "Nenda wewe, taa inakungoja," Mama Shija alijifuta macho waziwazi.

Mashine ikauliza: kwenda au kukaa?

"Lete," akasema Generoza.

"Hujui kushika pedi ya kuchezea."

"Nifundishe, basi. Huyu haachwi."

Nikamwonyesha vidole vikae wapi. Akabonyeza: kukaa. Skrini ikawa nyeusi, halafu ikaonekana pango ambalo sijawahi kuliona, moto wa taa ile ndogo, Kalolo kalala, na binti anatakiwa kutafuta maji na mizizi, mafuta yanapungua kila anapotoka.

"Sasa inakuwaje?" akaniuliza.

"Sijui."

"Hujui vipi na gemu ni yako?"

"Sijawahi kukaa, Generoza. Mimi niliondoka."

Akanitazama vizuri. "Kwa hiyo humu ndani hakuna anayejua?"

"Hakuna."

Akageukia tivii. Akasogea mbele, tena mbele, mpaka magoti yakagusa meza. Mikono haikukunjwa tena. "Maji yako wapi? Mama Shija, umeona mto wowote? Mzee, mzizi gani unafaa kwa nyoka?" Mzee akataja mti wake, Mama Shija akasema siyo, wakabishana, Generoza anamtembeza binti gizani anatafuta. Na kila akirudi pangoni anamsimamisha mlangoni kwanza, anapiga hodi kwa mdomo.

Lori likaja kusimama barabarani nje, honi ikalia. Ikalia tena. Mchana umefika, na lori lingine la Mpanda hakuna ajuaye ni lini. Nikainuka, nikaanza kukusanya viatu. "Generoza, lori. Niache nizime, tutaongea njiani kwenda…"

"Kaa chini."

"Nikiachwa je?"

"Desemba nakuja, Zena, likizo nzima, umeshinda, sasa kaa chini na usizime!"

Nilikaa. Nilitaka kumkumbatia lakini alikuwa anabeba maji.

Honi ikalia mara ya tatu, ndefu, imekasirika. Generoza hakuondoa macho. Akainua sauti ile ya kuita watoto mstarini, ikatoka dirishani mpaka barabarani: "Nyie nendeni! Hapa tuna mgonjwa!"

Lori likanguruma pale lilipo. Halafu injini ikazimwa. Tukasikia mlango unafungwa, hatua zinakuja, na Fungameza akainama kuingia, mrefu vile, kofia mkononi.

"Amefikia wapi?" akauliza.

"Homa inashuka," akasema Generoza. "Kaa hapo, usizibe."